Kipimo cha Moyo Chenye Jina la Ubongo

Kuna kipimo cha damu kinaitwa BNP. Kinatumika kujua kama moyo umeanza kulemewa na kazi yake. Lakini ile herufi B, amini usiamini, ilisimamia ubongo. Na si ubongo wa binadamu, ni ubongo wa nguruwe. Miaka ilipopita na ukweli ukajulikana, wataalamu wakaanza kusema B ni "aina ya B" tu, ili mambo yasikae vibaya. Herufi ikabaki.

Stori ya jinsi makosa hayo yalitokea ni tamu, na nitaisimulia. Lakini siisimulii kwa sababu ya utamu tu. Mwisho wake unafika hadi kwetu huku, kutoka Maua hadi Kiritiri, na unaweza kuamua kama shosho wa mtu atatibiwa mapafu miezi sita na shida yake ni moyo.

Msimamo wangu nausema mapema. Moyo wa mgonjwa umekuwa ukituma ujumbe miaka yote. Ni sisi tulichelewa kujifunza kuusoma. Na hapa Kenya tulikuwa na sababu ya ziada ya kuchelewa: tuliambiwa magonjwa haya si yetu.

Moyo "kushindwa" maana yake nini?

Watu wengi wakisikia daktari amesema moyo umeshindwa kufanya kazi, wanadhani umesimama. Hapana. Moyo ni pampu. Kushindwa ni pale pampu bado inapiga, lakini haisukumi damu ya kutosha, ama inasukuma kwa shida sana. Matokeo yake ni kama mtaro ulioziba: maji yanarudi nyuma. Yakirudi kwenye mapafu, unakosa pumzi. Yakishuka chini, miguu inavimba hadi ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Usiku ukilala chali unahisi kama unazama, kwa hivyo unaongeza mto wa pili, wa tatu, mwisho unalala umekaa.

Sasa chukua dalili hizo uzilete kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huku kuna mtu amepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lililojaa moshi, na kukohoa kwake ni kawaida. Asubuhi za Kianjokoma ama Kionyo ni baridi, na baridi ndiyo hulaumiwa kwa kila kikohozi. TB bado iko. Nimonia iko. Pumu iko. Na mtu mzima akikosa pumzi akipanda kutoka mtoni na mzigo, nani atashangaa? Hata wewe kijana wa gym ule mlima unakunyamazisha. Ukiongeza ile sentensi yetu pendwa, "huo ni uzee tu," kesi imefungwa.

Kwa hivyo swali gumu kwa daktari wa huku si "huyu ni mgonjwa?" Hilo linaonekana hata kwa mlango. Swali gumu ni: haya ni mapafu ama ni moyo? Shika hilo swali, kwa sababu ndilo BNP ilikuja kujibu.

Enzi za kusubiri mtu afe ndio ujue

Oktoba 1922, daktari wa misheni ya Kiskoti, Archibald Clive Irvine, alifika Chogoria na kuanzisha kazi iliyozaa hospitali tunayoijua leo. Siku hizi ni Kaunti ya Tharaka Nithi, katikati kabisa ya Meru na Embu. Jiulize, mgonjwa aliyevimba miguu akiletwa mbele ya daktari wa miaka hiyo, daktari angetumia nini? Macho, mikono, na kile kifaa cha kusikiliza kifua ambacho Mfaransa René Laennec alikivumbua 1816. Basi.

Mashine ya kuchora umeme wa moyo, ile ECG, ilikuwa imeshagunduliwa na Willem Einthoven wa Uholanzi, na ikampa tuzo ya Nobel 1924. Lakini ile yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Hiyo huwezi kuipandisha Chogoria.

Sehemu kubwa ya ujuzi wa moyo Afrika Mashariki ilitoka kwa maiti. Mfano bora uko kwa jirani. Mwaka 1948 Jack Davies, daktari wa Mulago, Kampala, aliandika kwenye East African Medical Journal kuhusu mioyo aliyoipasua na kukuta ukuta wake wa ndani umejaa kovu gumu jeupe. Moyo wenye kovu hilo haujazi damu vizuri, na mgonjwa anavimba tumbo na kukosa pumzi. Ugonjwa huo mpaka leo unasomwa dunia nzima ukihusishwa na jina la Uganda. Lakini fikiria bei ya ule ujuzi: ili daktari ajue moyo wako ulikuwa na nini, ilibidi kwanza ufe.

Upande wa Kenya kulikuwa na shida nyingine. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya kupima presha ya watu kama 1,000 huko Kavirondo Kusini, upande wa Kisii. Hakukuta presha ikipanda na umri jinsi ilivyokuwa ikipanda kwa Wazungu. Sina shida na namba zake. Shida ni vile zilieleweka. Taratibu ikakua imani kwamba presha na moyo ni magonjwa ya Mzungu na tajiri, na kwamba mwili wa Mwafrika una kinga fulani. Enyewe hadi leo utasikia mtu akisema "presha ni ya watu wa pesa." Hiyo sentensi ina umri wa karibu miaka 100. Tutairudia, kwa sababu ilikuja kuvunjwa papa hapa Kenya.

Mbwa, nguruwe wa Guinea na swali la mkojo

Twende nje kidogo. Mwaka 1956 mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua yanahusiana.

La kwanza: watafiti Henry na Pearce waliweka puto dogo ndani ya chumba cha juu cha moyo wa mbwa. Wakilipuliza, moyo unavutika, na mbwa anaanza kukojoa zaidi. Kwa nini moyo ukivutwa figo ziongeze kazi? Wao walifikiri ni mishipa ya fahamu inayopeleka habari.

La pili: Bruno Kisch, profesa aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akaishia Marekani, aliangalia misuli ya moyo wa kile kinyama cha maabara kama sungura mdogo, wengine hukiita nguruwe wa Guinea, kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya vyumba vya juu vya moyo akaona vichembe vidogo vya mviringo. Vichembe vya aina hiyo huonekana kwenye tezi, sehemu za mwili zinazotengeneza homoni. Vinafanya nini kwenye pampu?

Hayo maswali mawili yalikaa bila kukutana kwa miaka 25. Aliyeyakutanisha ni Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Kingston, Kanada. Mwaka 1981 yeye na wenzake walisaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakachuja, wakawadunga panya wengine maji yake. Chumvi iliyotoka kwenye mkojo wa wale panya iliongezeka zaidi ya mara 30, na mkojo wenyewe mara 10 hivi. Kwa dakika chache tu.

Manze, fikiria hiyo. Tangu 1628, William Harvey alipoeleza jinsi damu inavyozunguka, dunia ilijua moyo kama pampu. Kumbe pampu ilikuwa pia inaandika barua. Ikijaa kupita kiasi inaziambia figo: toeni chumvi, toeni maji, nimelemewa huku.

Sasa ubongo unaingia wapi? Mwaka 1988 Wajapani wa Miyazaki, wakiwemo Tetsuji Sudoh, Kenji Kangawa na Hisayuki Matsuo, walipata homoni nyingine ya ukoo huo huo kwenye ubongo wa nguruwe. Wakaiita kwa jina la mahali walipoikuta. Haikuchukua muda kugundulika kwamba kiwanda chake kikubwa ni vyumba vya chini vya moyo, vile vinavyosukuma damu kwa nguvu. Ni kama umkute jamaa wa Embu akipita Makutano ya Meru, umwandike kwenye simu "Jamaa wa Meru," na jina likwame hapo milele.

Kutoka maabara hadi kitanda cha mgonjwa

Jinsi inavyofanya kazi si ngumu. Ukuta wa moyo ukivutika kwa sababu ya mzigo, chembe zake zinatengeneza protini moja ndefu. Protini hiyo inakatwa vipande viwili. Kimoja ni BNP yenyewe, ndiyo inafanya kazi: inafungua mishipa ya damu na kusukuma figo zitoe chumvi. Kingine ni NT-proBNP, hicho hakina kazi inayojulikana mwilini, lakini kinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hivyo maabara inakipenda. Kukipima kulianza Christchurch, New Zealand, katikati ya miaka ya 1990.

Ukiona karatasi ya maabara, angalia imeandikwa kipi kati ya hivyo viwili. Namba zao hazilinganishwi. Ni kama kupima umbali kwa kilomita na maili halafu useme gari limeenda mbali zaidi.

Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha kifaa cha kupima BNP karibu na kitanda cha mgonjwa, majibu kwa dakika 15 hivi. Miaka miwili baadaye ukaja utafiti uliokifanya kijulikane. Alan Maisel na wenzake walichukua watu 1,586 waliofika hospitali wakikosa pumzi, huko Marekani, Ufaransa na Norway, wakawapima BNP, kisha wakalinganisha na uamuzi wa madaktari bingwa wa moyo. Walipotumia mpaka wa pikogramu 100 kwa mililita moja ya damu, kipimo kilipatia kwa asilimia 83 hivi. Pikogramu ni gramu moja ukiigawa vipande trilioni moja. Barua ya moyo ni ndogo kiasi hicho, na bado tumeweza kuisoma.

Nguvu yake kubwa lakini si kusema "ndiyo." Nguvu yake ni kusema "hapana." Mtu akiwa amekosa pumzi ghafla na BNP yake iko chini ya 100, ama NT-proBNP chini ya 300, kuna uwezekano mdogo sana kwamba shida ni moyo. Tafuta mapafu. Kwa yule ambaye dalili zimekuja pole pole nyumbani, miongozo ya Ulaya hutumia mipaka ya chini zaidi: 35 kwa BNP na 125 kwa NT-proBNP.

Ikiwa juu, hapo usikimbie kuaga familia. Namba hupanda na umri. Hupanda figo zikiwa na shida, hupanda mapigo ya moyo yakienda ovyo, hupanda hata damu ikiganda kwenye mapafu. Ndiyo maana kwa dharura madaktari hutumia mipaka tofauti ya NT-proBNP: 450 kwa walio chini ya miaka 50, 900 kwa miaka 50 hadi 75, na 1,800 kwa waliozidi hapo. Namba hiyo hiyo moja inaweza kuwa habari mbaya kwako na kawaida kwa guka wako. Na kwa watu wanene namba hushuka, kwa hivyo inaweza kumdanganya mtu kwamba yuko sawa. Ndiyo sababu ikiwa juu unatumwa eko, ile picha ya mawimbi ya sauti ambayo Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kuitumia kwa moyo huko Lund, Sweden, 1953. BNP inauliza swali. Eko ndiyo hujibu.

Haya, na sisi?

Angalia tena utafiti wa Maisel: Marekani, Ufaransa, Norway. Wastani wa umri wa wagonjwa wake ulikuwa miaka 64. Sasa linganisha na utafiti mkubwa wa kwetu, THESUS-HF, uliofuata wagonjwa 1,006 waliolazwa na moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kati ya 2007 na 2010. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, karibu nusu ya wagonjwa. Mishipa ya moyo kuziba, ule ugonjwa wa kwenye filamu ambapo mtu anashika kifua na kuanguka, haukufika asilimia 8. Na ndani ya miezi sita karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki.

Miaka 52 si shosho. Miaka 52 ni mama yako. Ni mtu bado analipa karo.

Na hapa ndipo narudi kwa Donnison. Mwaka 1990 kilichapishwa kwenye British Medical Journal kile kinachoitwa utafiti wa uhamiaji wa Waluo wa Kenya. Neil Poulter na wenzake walifuata watu waliotoka vijijini kando ya Ziwa Victoria wakaja kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilikuwa imepanda ndani ya miezi ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi na potasiamu kidogo, ile inayopatikana kwenye matunda na mboga. Watu wale wale, ukoo ule ule, ila wamebadilisha sahani na maisha. Kwa hivyo hakukuwa na kinga ya Mwafrika. Kulikuwa na maisha ambayo hayakuwa yamebadilika bado.

Unganisha nukta. Moyo uliolemewa unatuma homoni kuziambia figo zitoe chumvi. Na sisi tulipohamia mjini, kitu cha kwanza kuongeza kilikuwa chumvi. Chipo za jioni, smokie na kachumbari, ile kunyunyizia kabla hata hujaonja. Siongei kama malaika, naongea kama mtu anayejua kona yenye chipo nzuri. Na kwa vile tuko Meru na Embu lazima niseme hili pia, bila kuharibia mkulima yeyote jina: miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere zina kathinoni, kemikali inayopandisha mapigo ya moyo na presha. Ukiwa tayari una presha, unaongezea pampu mzigo.

Sasa maoni yangu yenyewe, mawili.

La kwanza ni la kaunti. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Eko inahitaji mashine na mtu aliyefunzwa kuisoma, na kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Tone la damu halihitaji kupanda matatu. Kipimo kama hiki kikiwa hospitali za Maua, Runyenjes au Siakago, kinaweza kusaidia kuamua nani asafiri kufanyiwa eko haraka na nani atibiwe mapafu hapo hapo. Familia inayouza ng'ombe kwa ajili ya safari ingejua kama safari yenyewe inahitajika. Lakini tusidanganywe na mashine kukatiwa utepe mbele ya kamera. Kipimo hiki kinakula vitendanishi kila siku, na mashine bila vitendanishi ni mapambo. Swali la kumuuliza MCA wako si "mmenunua?" ni "mwezi wa sita kitakuwa bado kinafanya kazi?" Na uliza pia kama SHA inakilipia, kwa sababu kipimo usichoweza kulipia hakipo.

La pili ni letu. Wewe kijana wa miaka 20 usiye na dalili yoyote, usikimbie kununua BNP kwa sababu umeisoma hapa. Kipimo hiki ni cha mtu mwenye dalili ama hatari inayojulikana. Kabla ya moyo kuandika barua ya kulia, presha huwa imepanda miaka mingi kimya kimya, na kuipima ni dakika mbili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Zaidi ya nusu! Tunaongelea trilioni ya gramu na ule mkanda wa mkononi hatujauvaa.

Wewe ndiye unashika simu, ndiye unasindikiza wazee hospitali, ndiye unasoma karatasi kwa niaba yao. Kwa hivyo mzee akitibiwa kifua mara ya tatu na hapati nafuu, miguu imevimba, na siku hizi analala na mito mitatu, muulize daktari kwa heshima: "Daktari, hii inaweza kuwa moyo?" Hakuna daktari mzuri atakasirika kwa swali hilo. Na wikendi hii ukienda nyumbani, mpeleke mama apimwe presha. Nawe pima hapo hapo.